Muuza Miavuli Ndani ya Tari

Mimi ni mshonaji. Kibanda changu kiko Mangobo, mtaa wa hapa Kisangani, kati ya muuza makaa na duka dogo la vipuri vya pikipiki la mume wangu, na kwa miaka mingi watu waliokuja kwangu walikuja na kitambaa au na nguo iliyochanika. Siku hizi wengine huja na ngumi iliyofungwa. Wanaifungua juu ya meza yangu na kusema, "Mama, angalia hii, haiwezi kukusaidia?" Ndani yake kuna kipande cha shaba kilichochakaa, na moyo wangu unaanza kwenda mbio kama wa msichana.

Mambo yalianza na koti. Papa mmoja, ndivyo tunavyowaita kina baba hapa, mzee aliyekuwa akifanya kazi ya reli zamani, aliniletea koti lake la kanisani nilibadilishe bitana. Vifungo vyake vilikuwa vya plastiki nyeusi, isipokuwa cha chini kabisa. Hicho kilikuwa kisahani cha shaba ya manjano, kimetobolewa matundu mawili kwa msumari. Nilikisugua kwa majivu na ndimu, ikatokea picha ya jogoo, na kuizunguka maneno ya Kifaransa: jina la mtu, jina la barabara, na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba hapo huuzwa mishumaa iliyo bora kuliko yote.

Yule papa hakuona ajabu yoyote. "Toa, mama, weka kifungo kama zile zingine," akasema. "Hiyo inanikatia uzi kila mara."

"Uliipata wapi?"

"Ilikuwa ya papa yangu. Yeye alikuwa anaipenda, mi napenda tu koti yenye inafunga."

Nilimshonea kifungo cheusi kizuri, naye akaniachia kile kisahani. Nilikiweka ndani ya kopo la sindano na nikawa nakitoa kila nikipumzika. Siku moja alikuja mwanafunzi wa historia wa chuo kikuu, nilikuwa nampunguzia suruali, akakiona mkononi mwangu.

"Hiyo ni jetoni," akaniambia. Akanieleza kwamba katika karne ya kumi na tisa, kabla ya redio, wenye maduka kule Ulaya walikuwa wakitengeneza visahani kama sarafu, wanaandika humo majina yao na bidhaa zao, wanawagawia wateja. Haikuwa pesa. Ilikuwa njia ya kulitia duka ndani ya mfuko wa mtu. Nyingine zilipanda mto ndani ya masanduku ya shanga na vitambaa, pamoja na watu wa meli, hadi hapa kwetu ambapo maporomoko yanazizuia meli kwenda mbele.

"Kwa hiyo ni tangazo," nikasema.

"Ni tangazo. Na bado linafanya kazi, mama. Umelisoma."

Nilicheka siku nzima nikimfikiria yule muuza mishumaa. Alikufa zamani, duka lake sijui kama lina hata jiwe moja lililosimama, na mimi huku Mangobo, jioni umeme ukikatika, nilikuwa nalijua jina la barabara yake.

Basi nikaanza kuzitafuta. Nilidhani sitapata nyingine, lakini ukishajua sura ya kitu unaanza kukiona. Nilipokwenda Ubundu kwenye matanga ya shangazi, niliona mvuvi anatandaza wavu, na kati ya vipande vya risasi vilivyofungwa chini ya wavu kulikuwa na jetoni ya kiwanda cha sabuni. Nilimpa kamba mpya ya nailoni, akaikata jetoni wavuni akanipa huku akiniangalia kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Nyingine niliipata kwenye baiskeli, moja ya zile toleka zilizokuwa zikibeba watu mjini kabla pikipiki hazijajaa. Mwenyewe alikuwa ameiweka chini ya nati ya gurudumu la nyuma. Nyingine ilikuwa shingoni mwa mtoto mchanga, nikaiacha palepale, kwa sababu mama yake aliniambia ndiyo inayozuia degedege, na mimi nani wa kubisha.

Mume wangu alinicheka, halafu akanitengenezea ubao. Aliupiga randa, nikauvika mahameli ya buluu iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi, tukaupigilia misumari midogo. Kila jetoni ilikaa kwenye msumari wake. Wateja waliokuwa wakingoja pindo lao walikuwa wakisimama mbele ya ubao na kusoma kwa sauti: sabuni, chokoleti, kofia, mafuta ya taa. "Mama, leo unauza kofia?" wananiuliza.

Mwaka mmoja akapita mtu kutoka Kinshasa, mnunuzi wa vitu vya kale. Nilizipangusa jetoni zote kwa kitambaa hadi zikang'aa. Aliangalia safu zote, akatikisa kichwa.

"Zote zimetobolewa, mama," akasema. "Jetoni yenye tundu imeharibika. Wenye kukusanya hawaitaki."

Iliniuma, sitasema uongo. Lakini asubuhi, nilipofungua kibanda na kuuona ubao, niliona kitu ambacho yeye hakukiona: hapa kwetu hakuna mtu aliyeweka jetoni ndani ya sanduku akaiangalia tu. Kila moja ilikuwa imepewa kazi. Nikazifurahia upya, matundu na yote.

Sasa nifike kwenye yale niliyotaka kusimulia. Niliwahi kushona sare za kina mama wa harusi moja kule Lubunga, ng'ambo ya mto. Ilikuwa harusi ya familia ya Kiislamu, moja ya zile familia ambazo mababu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Nguo zilipokuwa tayari nilizifunga ndani ya plastiki, nikashuka ufukweni, nikavuka kwa mtumbwi, nimezikumbatia kama mtoto ili zisilowe.

Nilipokaribia ua wa familia hiyo nilisikia matari. Kina mama walikuwa wanafanya mazoezi. Unajua jinsi tari lilivyo, fremu ya mbao ya mviringo, ngozi upande mmoja, na pembeni nafasi ndogo zenye visahani vinavyogongana. Siku hizi visahani hivyo huwa ni vizibo vya chupa za sukre, yaani soda, vimepondwa vikawa bapa, na sauti yake ni kavu, kama mahindi ndani ya ungo. Ila katikati ya sauti hiyo kavu palikuwa na moja nyingine, nyembamba na tamu, inayobaki hewani baada ya mkono kuondoka. Nilisimama mlangoni. Tari hilo lilikuwa mikononi mwa mwanamke mzee kuliko wote, mwembamba, amejifunga liputa ya kijani, macho ameyafumba. Kila alipolitikisa, jua lilipiga kwenye visahani, na kwenye kimojawapo niliona, wazi kabisa, picha ya mwavuli.

Nilisahau salamu. Niliweka mzigo chini, nikaenda moja kwa moja nikanyoosha mkono.

Yule mzee akafumbua macho na kulisogeza tari nyuma ya mgongo wake. "Weye njo nani?"

"Mimi ni mshonaji, koko. Nimeleta nguo." Koko ndivyo tunavyomwita bibi hapa Kisangani, awe wako au wa jirani. "Nilikuwa naomba niangalie tari yako kidogo."

"Kwetu tari haishikwe na mutu mwenye hapige," akasema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa ananieleza utaratibu.

"Basi nifundishe kupiga."

Kina mama wakacheka. Mmoja akauliza kama mimi ni Mwislamu. Nikasema hapana, mimi ni Mkatoliki, nimetoka Maniema na mume wangu. Koko akaniangalia kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kwenye kandambili, halafu akasogea kidogo kwenye mkeka.

"Bon," akasema. "Kwa arusi hatuulizane hiyo. Kaa."

Ndivyo nilivyoanza kuvuka mto kila Jumamosi baada ya kufunga kibanda. Nilipewa tari la vizibo. Nilikuwa mbaya, mbaya kwa namna ambayo sikuitegemea, maana siku zote nilijiona mtu wa mikono mizuri. Wenzangu walipokuwa wakipiga mara tatu na kupumzika, mimi nilikuwa nimeshapita, au nilikuwa bado sijafika. Koko alinisimamisha. Alinishika viganja akanipigia mwenyewe, kama mtu anayemfundisha mtoto kupiga makofi. Kina mama walificha nyuso zao ndani ya mitandio, mabega yakitikisika. Nilicheka nao; ningefanya nini.

Nyumbani niliendelea na mfuniko wa sufuria. Mume wangu alivumilia wiki kadhaa.

"Majirani wananiuliza kama tumebadilisha kanisa," akasema siku moja akiwa anakula.

"Uliwajibu nini?"

"Niliwaambia bado, lakini wakae karibu."

Kilichoniokoa ni cherehani. Kikundi kilitaka sare mpya, na koko akaamua kuja Mangobo mwenyewe kuchagua kitambaa. Alifika kwa pikipiki akiwa amekaa upande, fimbo magotini, na dereva akamshika mkono kwa heshima kama anayemshusha malkia. Nilimkalisha, nikampa chai ya tangawizi. Kulikuwa na gauni nililotakiwa kulimaliza saa hiyo, nikaomba radhi, nikaendelea kushona. Nilikuwa nimefika kwenye mkono wa pili niliposikia fimbo yake inagonga sakafu. Ilikuwa inagonga pamoja na mguu wangu juu ya pedali.

"Usisimame," akasema. "Endelea."

Nikaendelea. Alisikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Njo hiyo," akasema mwisho. "Muguu yako inajua. Miaka yote inajua. Sasa ambia mikono isikilize muguu, iache kujifanya mukubwa."

Aliniambia nivue kandambili, nikanyage pedali bila uzi wala kitambaa, na nipige meza kwa viganja. Mara ya kwanza ikagoma. Mara ya pili kitu kikakaa mahali pake, kama nyuzi mbili zinapokutana chini ya sindano, na nikasikia mikono yangu inapiga ile mara tatu na kupumzika, mara tatu na kupumzika, bila mimi kuhesabu. Muuza makaa akaja kuchungulia. Nilipiga hadi machozi yakanitoka, na sikujua nalia nini, maana nilikuwa nacheka.

Ndipo koko alipouona ubao wangu. Alisimama akausogelea, akagusa jetoni moja moja kwa ncha ya kidole. Alikuwa hasomi Kifaransa, akaniomba nimsomee. Nilimsomea zote. Kisha akakaa tena na kunieleza habari ya tari lake.

"Ilikuwa ya bibi yangu, mama ya mama," akasema. "Zamani ile vibati vyake vilianguka, vingine vikapotea. Kulikuwa mufanyabiashara pale beach, penye meli zinafika, alikuwa na kopo yenye kujaa hivi vintu. Wakubwa wake walimutumia ili agawie batu. Batu walikataa. Waliuliza, hii inanunua nini? Yeye anajibu, hainunue kitu. Alors, nani atapokea? Akaitupa nje, batoto wakachezea. Bibi yangu akaokota, akapeleka kwa mufua chuma, akatoboa, akavaa ndani ya tari."

"Na ule mwavuli?"

"Mwavuli iko ya muuza miavuli, mi najua picha. Huyu mutu alifikiri tutatoka huku tuende kununua mwavuli kwake." Alitikisa kichwa kwa huruma. "Hata mumoja hakuenda."

Tulicheka sote wawili mpaka chai ikapoa. Alipokuwa anajifunga mtandio ili aondoke, aligeuka tena kwenye ubao.

"Hizi zako," akasema, "zote ziko na tundu."

"Zote, koko."

"Matari ya bamama iko na vizibo. Mi nikikufa, sauti ile itabaki moja tu, kwa tari moja. Utupatie hizi."

Nilikuwa nimevuka mto Jumamosi zote hizo nikiwa na nia ya siku moja kumwomba lile tari, hata kwa kubadilishana na jipya. Kumbe yeye ndiye aliyeniomba mimi. Nilimwambia nitafikiri. Akasema vizuri, fikiri, akapanda pikipiki.

Nilifikiri wiki mbili nzima. Nilikuwa nimezoea kuamka na kuzisoma. Kila moja nilijua ilikotoka, mvuvi alivyoniangalia, papa wa reli na koti lake. Nilimwuliza mume wangu, nikitegemea atasema usitoe, kwa kuwa ubao aliutengeneza yeye.

"Wewe unazipenda kwa sababu gani?" akauliza.

"Kwa sababu zilikuwa zinafanya kazi."

Aliendelea kupangusa mnyororo wa pikipiki kwa petroli, na mimi nikabaki nasikia jibu langu mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata tulivuka pamoja, mimi na ubao umefungwa ndani ya shuka, yeye na koleo, waya laini na drili ya mkono. Kina mama walikuwa wametandaza mikeka uani. Tulizishusha jetoni kwenye sinia, na kazi ikawa kuzipanga mbili mbili. Nilidhani tutazipanga kwa ukubwa au kwa picha. Koko alikataa. Alikuwa anachukua mbili, anazigonganisha karibu na sikio, anakunja uso, anabadilisha. Sabuni haikupatana na kofia, lakini ilipogongwa na mafuta ya taa ikaimba. Ile niliyoiona mbovu kuliko zote, imelika upande mmoja na haisomeki, ndiyo iliyokuwa na sauti safi kupita zote, na kina mama wawili wakaigombania hadi koko akaamua. Mume wangu alipanua matundu yaliyokuwa madogo na kukaza waya. Kila tari likikamilika linapitishwa juu ya moto ili ngozi ivutike, kisha linajaribiwa, na kila likijaribiwa mtu anapiga kigelegele. Hadi saa tisa uani kwa koko hapakuwa na kizibo hata kimoja cha sukre ila vile vilivyokuwa chini, watoto wanavipanga foleni kama magari.

Na siku hiyo ndipo koko aliponipa tari lake nilishike. Nililigeuza taratibu pande zote. Muuza miavuli alikuwa na duka Marseille, karibu na bandari. Jirani yake ndani ya tari alikuwa fundi wa viatu, na wa tatu alikuwa anauza kakao kwa wagonjwa na watoto. Niliwasoma wote kwa sauti, na kina mama wakaitikia kila jina "eee", kama wageni wanaotambulishwa.

"Umesoma," koko akasema. "Sasa piga."

Tumeshapiga harusi nyingi tangu hapo, za Waislamu na za Wakristo, Lubunga, Mangobo, na moja Ubundu ambako tulikwenda kwa pikipiki na matari yamefungwa mgongoni. Watu huniuliza kama sisikitiki kukosa mkusanyiko wangu. Ninawaambia waje harusini. Bado watu wananiletea ngumi zilizofungwa, na kila nikipata jetoni mpya ninaisugua, ninaisoma, ninakaa nayo wiki moja ili tufahamiane, kisha ninavuka nayo. Mara moja mtu aliniletea moja ambayo haikutobolewa, safi, na kichwa cha tembo upande mmoja. Mume wangu alinitazama, nikamtazama. Akachukua drili.

Jumamosi iliyopita tulimwoza mjukuu wa koko. Koko mwenyewe sasa hapigi kwa muda mrefu, anachoka mabega, kwa hiyo alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati yetu akituongoza kwa fimbo. Tuliingia na bibi harusi tukiwa safu mbili, matari juu, na mlio ulipotoka kwa pamoja nikaona wageni waliokuwa na simu mkononi wanainua vichwa kutafuta kilicholia. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alisimama akacheza peke yake, koti limefunguka, hadi wakwe wakamfuata. Mume wangu, ambaye kwa kawaida kwenye harusi hukaa karibu na mlango, alichezea katikati ya ua na shati likamlowa.

Baadaye tulinawa, tukaletewa lituma ya ndizi iliyotwangwa vizuri, na samaki wa mchuzi, na sombe ya majani ya muhogo. Tulikula kutoka sinia moja, kina mama wote, tukigombea kichwa cha samaki. Viganja vyangu vilikuwa bado vinawaka kwa ngozi ya tari, na kila tonge la lituma lilinichoma mara mbili. Koko aliona ninavyopuliza vidole, akanisogezea kipande cha samaki kilichopoa, akaniambia nile haraka, kwa sababu bwana harusi anataka turudie tena kuanzia mwanzo.